Daftari Chini ya Mguu wa Meza

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa imetulia hivi kwamba ungeweza kusikia sukari ikiyeyuka kikombeni. Mume alikuwa kwenye meza yake ya kompyuta, mkewe akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi, na mama mzazi wa mume alikaa pembeni akichambua maharage. Ndugu zangu, itazameni vizuri picha hiyo, maana hamtaiona tena.

Kompyuta ikalia. Ripoti ya jana ilikuwa imechelewa kuingia kutoka kliniki ya watoto, nayo ilisema: “Hitilafu imetokea. Jaribu tena.” Basi, hakuna zaidi.

Mume huyo aliitwa Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe kisha akasubiri watu walizoee. Ndiye aliyeitengenezea kliniki programu ya kuandikisha watoto wa chanjo. Mtoto akishaingizwa, programu humkumbusha mama yake kwa simu kila siku ya sindano inapofika. Ikikwama, humtumia Mtaalamu ripoti. Kwenye ripoti hiyo kulikuwa na nafasi ya kuongeza maelezo yoyote ambayo mtengenezaji angetaka: mtoto yupi, mama yupi, ukurasa upi, kitufe gani kimebonyezwa. Mtaalamu aliiacha wazi kama ufizi wa kibogoyo. Akiulizwa, alijibu kwamba mashine yake haikulelewa kwenye umbea.

Sasa, dawati la kuandikishia lilikuwa la mkewe. Ni yeye aliyekwamiwa mbele ya foleni ya akina mama, watoto wakilia kwa zamu.

“Thelathini na saba,” Mtaalamu alisema bila kugeuka. “Ripoti thelathini na saba, zote za dawati lako. Vidole vyako vina nini?”

“Vidole vyangu vinachoma sindano vichanga na havishtuki. Inayoshtuka ni programu yako. Ingesema imeshtuliwa na nini, tungejua.”

“Imesema. Hitilafu imetokea.”

“Hata mbuzi akikanyagwa hulia kwa maelezo zaidi ya hayo.”

Akatoa mkobani daftari la jalada la bluu. Kwa miezi mitano, kila programu ilipokwama, alikuwa ameandika kwa mkono: jina la mtoto, jina la mama, alikuwa ukurasa gani, amebonyeza nini. Na kwa kuwa watoto hao hawakuingia kwenye programu, mama zao aliwapigia kwa simu yake mwenyewe. Alimwomba mumewe asome kurasa tatu tu, akaondoka kwenda kazini.

Mtaalamu hakulifungua. Alilipima unene kwa jicho. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliomkera tangu ainunue, basi akainama, akalisukuma daftari chini yake. Meza ikatulia tuli. Akamwambia mama yake kwamba hatimaye daftari lile limepata kazi inayolifaa.

Kuanzia siku hiyo yalikuwa mapambano. Wakaacha kusalimiana. Nyumba ile ilipoa, nawaapia, mpaka mafuta ya kupikia yakaganda jua likiwa utosini, na paka akahamia kwa jirani bila kuaga. Mmoja akitaka chumvi alimwambia yule mama mzee amwambie “huyo” asogeze chumvi, na huyo alikuwa amekaa palepale, kiwiko chake kikigusa cha mwenzake.

Kisha daktari mkuu akawaita wote wawili. Mbele ya wauguzi wote, mkewe akiwa hatua mbili tu kutoka alipo, Mtaalamu alieleza kwamba programu ameijaribu mara mia nyumbani na haikujikwaa. Kilichobaki, alisema, ni mikono ya muuguzi.

“Daftari langu liko wapi?” mkewe aliuliza.

“Linatumika.”

Muuguzi akaondolewa dawatini, akapelekwa stoo kukunja mablanketi. Siku hiyohiyo alifunga nguo zake kwenda kwa kaka yake. Mlangoni alisema maneno machache: “Umenitaja mimi kwa sababu mimi nina jina. Kosa lako hukulipa jina.”

Muuguzi mpya alikuwa amesikia yote. Programu ilipomkwamia, alinyamaza, akamwita mama anayefuata. Nani angetaka kuitwa mwenye vidole vibovu? Ripoti ziliendelea kuingia, na Mtaalamu akazitazama na kusema: vidole vipya, navyo vibovu.

Mwezi wa tatu tangu mkewe aondoke, mama mmoja aliingia kliniki na watoto wawili mikononi. Mmoja alikuwa akivuta hereni ya mama yake, mwingine anaungua kwa surua. Alikuwa ameambiwa kila mtoto atapigiwa simu yake. Simu ya kwanza ilikuja, akamleta wa kwanza. Ya pili aliingoja mpaka siku ile.

Daktari mkuu akampigia Mtaalamu, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, amtafutie mtoto huyo kwenye programu. Hakuwemo. Mtaalamu akapekua ripoti zake: hitilafu imetokea, hitilafu imetokea, mara sitini na mbili. Akapiga meza ngumi. Meza ikaruka, daftari likachomoka chini ya mguu.

Mama yake aliliokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. “Pacha wa pili, nimebonyeza hifadhi, imekwama. Pacha wa pili. Pacha wa pili, wa kike. Pacha wa pili.” Akavua miwani. “Mwanangu, mimi hata kuiwasha siwezi hiyo mashine, na nimeelewa kabla sijageuza ukurasa.”

Programu ilimtambua mtoto kwa namba ya mama yake na tarehe ya kuzaliwa. Pacha wa pili alikuja na namba ileile na tarehe ileile, ikadhani ni yuleyule, ikakwama. Nyumbani Mtaalamu alijaribu mtoto mmoja mmoja. Kuirekebisha kulimchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mtoto alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikii hadi leo. Kliniki ikatafuta mtengenezaji mwingine.

Mtaalamu akaenda kwa shemeji yake, akabisha. Mkewe alifungua mlango nusu.

“Mke wangu, makosa yametokea. Naomba turudi nyumbani.”

“Makosa gani? Ya nani? Yalitendwa wapi, mbele ya nani?”

Mtaalamu akarudia kwamba makosa yametokea.

“Jaribu tena,” mkewe akasema, na mlango ukarudi mahali pake.

FUNZO

Wenzangu, ukitengeneza kitu kitakachotumiwa na watu, kifundishe kusema kilichokikwaza: kilikuwa na nani, wapi, kikifanya nini. Kosa lisilo na maelezo hutafuta mtu wa kubebeshwa, na humpata aliye karibu zaidi. Na ukiletewa maelezo hayo bure, kwa mwandiko wa mkono, yasome. Mguu wa meza utafutie kipande cha ubao.