Nilimdhamini Mtende

Jua lilikuwa linazama Nafta, mji wetu wa jangwani, nilipobeba ndoo kwenda kwenye ghala la maonyesho kuunyunyizia mtende maji. Ndiyo kazi niliyoipata baada ya miaka minne ya chuo cha sanaa na mitatu ya kukalia viti vya mkahawa: kumwagilia mti uliong'olewa, wageni wa kutoka Tunis wasije wakauona umenyauka.

Mti wenyewe ulikuwa wa mama yangu.

Madame Ines, msanii, alitaka mtende mzima na mizizi yake. Kazi yake aliiita “Mpaka”. Katikati ya magome alisokotea nywele za wanawake, alizokusanya saluni, mtu asijue mti unaishia wapi na mwanamke anaanzia wapi.

“Nitafutie usiozaa, chéri,” aliniambia. “Jina lako nitaliweka ukutani.”

Jina langu, ukutani! Mama nikamwambia mdudu ameuingia, nimeung'oa usiambukize mingine. Akaniamini.

Lakini Madame kuna jambo sikumwambia. Kwetu mtende ukigoma kuzaa, hutishwa. Mwezi mmoja nyuma mjomba Belgasem aliuendea na shoka, mama akitazama. “We tasa, leo nakukata!” Akaugonga mara tatu. Na mimi, kama ilivyo desturi, nikaukumbatia: “Mwache, mjomba! Namdhamini mimi. Mwakani atazaa.” Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Msomi, bwana!

Nikasukuma mlango wa ghala.

Harufu ikanipokea. Tembo la mtende, tamu... bichi... kana kwamba mtu ametoka kugema sasa hivi. Mti una wiki tatu bila udongo. Nani kagema?

Nikanyunyiza. Tss... tss...

Nikasikia pumzi.

Nikaacha kunyunyiza. Nayo ikaacha.

Nikagusa shina. Zile alama tatu za shoka zilikuwa zinachuruzika. Majimaji yenyewe yalikuwa ya moto, kama shavu la mtoto mwenye homa.

Ningekimbia, wallahi. Lakini taa ziliwashwa, wageni wakaingia na manukato yao na bilauri zao. Nyuma yao, akishikwa mkono na mjomba Belgasem, akaingia mama. Kuna jirani alikuwa amewaambia mti uko hapa.

Hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile alama, akaweka kiganja.

“Wajdi,” akanong'ona. “Huyu siye?”

“Mitende inafanana, mama.”

“Ulisema anaumwa.”

“Twende nyumbani tukaongee. Watu wanatuangalia.”

“Acha waangalie!” mjomba akafoka. “Umesoma mpaka umekosa haya? Mama yako huyu, unamdanganya usoni!”

Akainua fimbo. Nikafumba macho.

“Mwache, mjomba...”

Ilitoka juu. Kwenye zile nywele.

Ilikuwa sauti yangu.

Na mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

“Namdhamini mimi. Mwakani atazaa.”

Fimbo ilianguka sakafuni. Mgeni mmoja akapumua kwa kustaajabu, “Formidable!” Madame akapanda ngazi mbio, akapekua kwenye kilele, akatoa mkono umelowa hadi kiwiko. Hakuwa ameshika kitu.

“Spika umeificha wapi, Wajdi? Mimi sikukuagiza spika.”

Nikamtazama mama. Alikuwa ananisubiri. Neno moja tu lilitakiwa, nisamehe, na tayari lilikuwa ulimini. Nyuma ya bega lake niliona jina langu ukutani, herufi nyeusi, limeandikwa vizuri.

“Siri ya kazi, Madame.”

Makofi yakalipuka. Mama akajifunika shela hadi machoni, akatoka. Mjomba alimfuata bila hata kuiokota fimbo yake.

Nami nikainama, mkono kifuani, kama wafanyavyo wasanii.

Upepo haukuwepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hata hivyo nilisikia kuti likishuka taratibu nyuma yangu... kwaa... kwaa... likanilalia kisogoni, majimaji yake ya uvuguvugu yakiniingia shingoni. Likanipapasa. Polepole, bila hasira, kama mama anavyompapasa mtoto aliyejikojolea mbele za watu.

Wageni walizidi kupiga makofi.

Sikuthubutu kuinua kichwa.