Njoo na Wenzako

Mambo yalianza na maji. Kadii aliujaza mtungi asubuhi kwa mikono yake, akaufunika kwa sahani ya bati, akaenda kupalilia mahindi yake yaliyonyauka. Aliporudi jua likiwa utosini, alikuta mtungi umebaki na kata moja tu chini, na sahani iko juu vilevile alivyoiacha.

Mahali pengine hilo si neno. Lakini huko Ganze ndani, ambako mwanamke huamka na jogoo kwenda bwawani na kurudi jua limeshakuwa kali, maji hayapotei hivi hivi. Kuku akipotea utasema mwewe. Maji yana mwewe gani?

"Everlyne," alimwita mkaza mwanawe. "Maji umeyafanyani?"

"Sijayagusa, mayo," Everlyne alijibu, akimwita mama kwa Kigiriama.

"Basi mtungi umeyanywa wenyewe."

Mjane wa juzi hana nguvu za kubishana na mama mkwe. Everlyne alimpakata mwanawe Dena, ambaye hata maneno alikuwa hajayajua vizuri, akatazama mlangoni. Kadii aliinama, akachota kile kilichobaki, akaonja, akakitema. Maji yalikuwa ya chumvi.

Mume wa Everlyne, Garama, alikuwa mwana wa pekee wa Kadii. Alikulia mahali pasipo na maji ya kutosha kuoga, serikali ikamchukua ikamfundisha kuogelea baharini, akawa askari wa kikosi maalumu. Mwaka ule jeshi lilipovuka mpaka kuingia Somalia, majirani walizisikia habari hizo redioni kama mtu asikiavyo kuwa mvua imenyesha kwa wengine. Kadii alizisikia kwa mwili mzima.

Habari ya kifo aliileta Odera, askari mwenzake Garama, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Alifuatana na maofisa wawili waliobeba kofia na bendera iliyokunjwa. Maofisa walisema maneno yao ya ofisini wakamaliza. Odera ndiye aliyeketi mkekani na akina mama akaeleza kama mtu. Walikwenda kwa mashua mbili za mpira kumkamata kamanda mmoja wa maadui katika nyumba ya ufuoni. Nyumba waliikuta tupu. Kamanda alikuwa keshahama, na waliowangoja walikuwa juu ya mapaa na bunduki zao. Hata hivyo walipigana wakarudi hadi majini, na walipoingia mashuani ndipo walipoona kwamba mwenzao Njoroge hayupo.

"Alikuwa ameanguka mchangani, mama. Tulikuwa tunamsikia akiita," Odera alisema. "Garama akaruka majini, hakungoja amri. Wengine wakamfuata, mimi nikaachwa nilinde mashua. Walimfikia. Walikuwa wamembeba, maji yamewafika kifuani, wakati walipopigwa. Bahari iliwachukua wote."

"Hata maiti hakuna?"

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Sasa, Mgiriama akifia mbali asiletwe, haachwi azurure. Husimikwa koma, kigingi cha mti mgumu kilichovishwa kitambaa, na watu wake humwaga tembo mbele yake wakamwita marehemu aje akae na wahenga. Kambi, shemeji yake Kadii, ndiye aliyekichonga kigingi hicho. Siku ya kukisimika, Kadii alipewa kata ya tembo amwite mwanawe.

Huitwa mtu mmoja, kwa jina lake. Hilo hata watoto wanalijua. Lakini Kadii alikuwa mwanamke ambaye hapiti mtu mlangoni kwake asiambiwe karibu. Angemkaribisha hata mwizi, kisha amuulize kama ameshiba. Na siku ile kichwani mwake mlijaa maneno ya Odera, vijana wa watu waliokufa wameshikana.

"Garama mwanangu, njoo nyumbani," alisema, machozi yakimdondokea katani. "Njoo na wenzako wote uliokufa nao. Msiachane. Hapa ni kwao pia."

Kambi alishtuka. Nani atamsahihisha mama anayemlilia mwanawe? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tembo likazama mchangani, watu wakaenda kula.

Ndipo maji yakaanza kupotea.

Siku mbili tatu Kadii alimlaumu Everlyne, kisha akaona aibu, akaamua kuvizia. Alijifanya amekwenda shambani, akazunguka, akaketi nyuma ya pazia la chumba chake. Mchana ule hapakuwa na upepo. Kuku walikuwa wamelala kivulini na mbuzi wamenyamaza, saa ile ambayo wazee hukataza watoto kutembea ovyo kwa kuwa njia ina wenyewe. Kwanza alisikia harufu, ya mafuta ya bunduki na ya mwani uliooza, na bahari iko mbali hata jirani zake wengine hawajaiona. Kisha akasikia viatu, vizito, vilivyojaa maji, vikiingia kimoja baada ya kingine bila haraka, vikajipanga, na sahani ya bati ikainuliwa taratibu ikawekwa chini bila mlio kama ifanywavyo na mtu aliyefunzwa adabu, na kata ikazama mtungini, na koo likasikika likimeza, likimeza, likimeza, kisha kata ikapokewa na mwingine, na nyuma yao wote kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiburutwa sakafuni huku akiguna kwa maumivu, naye akanyweshwa wa mwisho.

Kadii alikuwa ameshashika dirisha atoke mbio, aliposikia mluzi. Ni mluzi mdogo, wa kupitia pengo la meno ya mbele, ambao mtu mmoja tu duniani alikuwa akiupiga kila alipomaliza kunywa maji.

"Garama?" alinong'ona.

Kata ilitua.

"Mayo," sauti ikajibu, chini sana.

Kadii hakumwambia mtu. Kesho yake alikwenda bwawani mara mbili.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Kadii kweli alipona. Alianza kula. Alisikika akiimba jikoni nyimbo za kubembelezea watoto. Alinunua mtungi wa pili, akauweka kando ya ule wa kwanza, na kila mchana alimwambia Everlyne ampeleke Dena kwa jirani, yeye akabaki nyuma ya pazia akisikiliza mwanawe akinywa maji. Hakuthubutu kulifunua. Sauti ile moja kwa siku, "mayo", ilimtosha. Usimcheke. Wewe nawe ungebeba maji.

Kisha Dena akaugua. Kila maji aliyopewa aliyanywa, akalia kutaka mengine, na midomo yake ikafanya ukoko mweupe wa chumvi. Walimpeleka hospitali Kilifi. Daktari alisema mwili wa mtoto umekaukiwa, akamtundikia dripu, na mtoto akachangamka, akacheka. Waliporudi nyumbani midomo ikawa myeupe tena. Mchana mmoja, akiwa amelala mkekani hana nguvu, alinyoosha mikono juu kama wafanyavyo watoto wakitaka kubebwa, na Everlyne akaona shati la mwanawe likivutika kwapani, na kichwa chake kikiinuka mkekani, na hapakuwa na mtu. Alimnyakua akatoka naye nje akipiga yowe lisilo na sauti.

Jioni alimfuata Kadii jikoni. Alinong'ona, maana ndani hakukuwa na mahali pa kusema kwa nguvu tena.

"Mayo, unajua ni nani."

Kadii alichochea moto.

"Najua unajua. Nimemsikia akiniita, jina lile tulilokuwa tukiitana wawili. Sikuitika."

"Mumeo anakuita, usiitike?"

"Nina mtoto, mayo. Nao hawako mmoja. Wanaongea lugha nisizozijua, na kuna anayelia. Wanamnywa mwanangu."

Kadii alilia hadi moto ukazimika. Kulipokucha alimwita mganga.

Mganga huyo, Kahonzi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu. Alifika mchana, akasimama kizingitini, akanusa, akakataa kuketi.

"Nani aliwakaribisha?"

Kadii aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Ulisemaje?"

Alimwambia. Kahonzi alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Hawana ubaya hawa. Ni watoto wa watu. Lakini hujui kwao, hujui mila zao, umewaita kwa tembo ambalo si lao. Mtu akiitwa hivyo haji akiwa koma, mhenga wa kulinda nyumba. Huja akiwa pepo, na pepo aliyefia bahari ya chumvi kiu yake haina mwisho. Watamaliza mtungi, watamaliza mtoto, kisha wataanza kwako."

"Wafukuze hao wengine," Kadii alisema. "Mwanangu niachie."

"Nilijua utasema hivyo."

Hata hivyo alijaribu. Alifukiza ubani, akatikisa njuga zake, na viatu viliposikika vikiingia akasema kwa heshima, "Wageni, mwenye nyumba amechoka. Tokeni, mwende makwenu. Garama, wewe ni wa hapa. Baki." Viatu vikasogea mlangoni. Vikafika kizingitini. Kisha vikageuka, vyote kwa pamoja, vikarudi kusimama penye mtungi.

"Mayo," ilisema ile sauti, na safari hii haikuishia hapo. "Njoroge hawezi kutembea. Na hawa hawaijui njia. Siwezi kuwaacha."

Kadii, aliyekuwa nyuma ya pazia, alilirarua. Penye mtungi hapakuwa na kitu ila sakafu iliyolowa.

"Ulimrudia mara moja ukafa!" alifoka. "Sasa unamrudia tena uniue na mimi? Mimi si mtu? Mwanao si mtu?"

"Ananiita, mayo."

Sauti ilikuwa ya upole, ile ile ya mtoto aliyewahi kuleta nyumbani kila mbwa mgonjwa wa njiani. Huyu mwana amelelewa na Kadii. Ukarimu huo alimnyonyesha mwenyewe. Kadii aliketi chini katika maji yale, akatambua kwamba hakuna mganga awezaye kumkata Garama na wenzake, na kwamba akitaka mjukuu lazima aagane na mwana.

"Nifanyeje?" aliuliza.

"Aliyekaribisha ndiye husindikiza," Kahonzi alisema. "Uwajue majina na makwao. Uwapeleke hadi njia panda, uwamwagie maji ya safari. Na unisikilize vizuri. Pale njia panda usiseme lile neno. Sisi hapa hatuagani na mtu bila kumwambia karibu tena, linatutoka kama pumzi. Ukilisema, wamerudi, na mtoto hana nguvu ya mara ya pili."

Walimpigia Odera simu. Alitaja majina taratibu, na kwao kila mmoja, kisha akasema, "Mama, mwambie Njoroge kwamba," akashindwa kumaliza. Simu ikabaki na kilio cha mwanamume mpaka Kadii akaikata kwa huruma.

Alitoka na dumu kichwani, Kahonzi mbele na njuga. Everlyne alijifungia ndani na mtoto, lakini walipopita dirishani alisikika akisema jina moja ambalo Kadii hakuwahi kulisikia, kisha akasema kwaheri. Nyuma ya Kadii viatu vilifuata. Hakugeuka. Vumbi la Ganze ni jekundu na kavu, na kila alipotupia jicho chini pembeni mwake aliliona likilowa madoa madoa, na mfereji mwembamba wa mtu anayeburutwa. Watu waliokutana nao njiani walisema shikamoo, wakanusa, wakapisha bila kuuliza.

Penye njia panda alitua dumu.

"Oliver," aliita, "mama yako yuko Kakamega, nenda kwake." Akamwaga. Mchanga ulikunywa maji kabla hayajasambaa. "Mutiso, kwenu ni Kitui, nenda, wanakungoja. Lekuta, nenda Samburu, baba." Kila jina alilisema kama la mwanawe, na kila alipolisema hapakuwa na kiatu kilichoondoka. Walikuwa wakingoja. "Njoroge," aliita, huyu ambaye Garama alikufa mara mbili kwa ajili yake. "Njoroge mwanangu. Nenda Nyandarua kwa mama yako. Odera anakulilia. Hukunikosea kitu. Sina kinyongo."

Kulisikika pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Na wewe Garama, wafikishe." Akamwaga yaliyobaki yote. "Wafikishe mmoja mmoja hadi mlangoni kwao. Kazi hiyo umeianza mwenyewe, baba."

Mluzi ulipigwa, mdogo, wa kupitia penye pengo. Viatu vikaanza kwenda. Kadii alihesabu moyoni kwamba yameisha, akainama kuchukua dumu lake tupu, na hapo akahisi ubaridi wa nguo zilizolowa umemkaribia begani, karibu kiasi cha kukumbatia.

"Mayo," mwanawe alimuuliza, "hunikaribishi tena?"

Neno lilikuwa mdomoni. Maisha yake yote hajawahi kumnyima mtu. Kahonzi alimtumbulia macho akitikisa kichwa. Kadii alishika ncha ya leso yake akaisokomeza kinywani yote, akaing'ata, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, naye yule kijana akasimama pale begani pake akingoja jibu, akangoja sana, kama mtoto mwenye adabu asubirivyo ruhusa, mpaka alipoona halitoki akageuka akawafuata wenzake.