Vigae Vyeupe vya Nizwa

Kila siku nikitoka madrasa huwa nina kazi moja: kwenda kwa Bi Mwanapili kumshikia ukili. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu, hapa Mgogoni, Pemba. Yeye hukaa barazani na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, nami huketi upande wa pili nikiuvuta ukili, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, usijikunje. Zamani niliipenda sana kazi hiyo. Lakini tangu turudi kutoka Omani, nilikuwa naiendea kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nihal, mwanangu, hebu nambie tena," alisema jioni ya Jumatatu. "Vigae vya kaburi lake vyeupe?"

"Vyeupe, Bibi."

"Na jina lake limeandikwa?"

"Limeandikwa. Kwa kijani."

Akatabasamu, akaendelea kushona. Maswali hayo hayo alikuwa akiniuliza kila jioni kwa muda wa miezi minne.

Ishak, mwanawe wa pekee, alikwenda Omani kufanya kazi ya udereva kabla mimi sijazaliwa. Miaka sita iliyopita alifariki mjini Nizwa, akazikwa huko huko siku ile ile. Mama yake hakuwahi kuliona kaburi. Kwa hiyo baba yangu alipopata kazi ya ufundi wa umeme Maskati kwa mwaka mmoja na kutuchukua sote, Bi Mwanapili alinivuta pembeni. "Siku mkienda Nizwa kutembea," alinambia, "simama nje ya makaburi, unsomee Fatiha mwanangu. Kisha uniangalilie palivyo. Miye sitafika, basi nakutuma macho yako."

Nikaahidi. Kuahidi hakunigharimu chochote.

Na tulitembea kwelikweli! Tuliona bandari ya Mutrah, tukaona milima mikavu isiyo na hata jani, tukaingia msikiti mkubwa ambao zulia lake halina mwisho. Nizwa tulikwenda Ijumaa moja, tukatoka asubuhi na mapema. Nilipanda ngome, nikaangalia mnada wa mbuzi, nikala halua mpaka meno yakaniuma. Tulipokuwa tunatoka mjini, Baba alinyoosha kidole dirishani. "Yale makaburi yao," alisema. Nikaona uwanja mpana wa mawe matupu. Hapakuwa na jina hata moja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka amana ya Bibi. Nilifungua mdomo nimwambie Baba asimamishe gari. Kisha nikafikiri atanigombeza kwa kutosema mapema, na mdogo wangu alikuwa analia njaa, na miguu ilikuwa inaniuma. Nikaufunga mdomo wangu, gari likapita.

Siku tuliyorudi Pemba, hata begi sijalifungua, Bi Mwanapili alikuwa mlangoni. "Ulifika, mwanangu?" Nikasema nilifika. Ulikuwa uongo wa neno moja tu, nami nilidhani utaishia hapo. Lakini akauliza pakoje. Ningemwambiaje mama wa watu kwamba mwanawe amelala chini ya mawe matupu? Basi nikamjengea mwanawe kaburi. Nikatia vigae vyeupe, nikaandika jina kwa herufi za kijani, nikapanda na mti wa asumini kichwani. Yote niliyanakili kutoka kaburi moja nililowahi kuliona Chake Chake. Bibi alilia kwa furaha, akaenda kuwasimulia majirani, nyumba kwa nyumba.

Jioni ile ya Jumatatu alikata uzi kwa meno, akaukunjua mkeka. Ulikuwa mzuri ajabu, wenye mistari ya zambarau na nyekundu.

"Unajua huu nkeka wa nani?" aliniuliza. "Wa Haitham. Yule rafiki yake Ishak, ndiye aliyemzika. Anakuja likizo Alkhamisi. Ijumaa baada ya Alasiri namsomea mwanangu hitima hapa, na mbele ya watu wote nitampa nkeka huu, nimshukuru kwa vile vigae. Maskini, sijui alitumia fedha kiasi gani! Na weye utakaa ubavuni mwangu, uwaeleze watu ulivyopaona."

Ukili ukaniponyoka mkononi.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Akilini nilimwona Haitham akisimama mbele ya watu na mkeka mikononi, akiuliza, "Vigae gani, Bibi?" Nilimwona Bi Mwanapili akinigeukia. Shuleni mwalimu aliniuliza mji mkuu wa Kenya, nikajibu Nizwa, darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliomba ndege ya Haitham iharibike, kisha nikaogopa kwamba Mungu atanisikia, nikaomba isiharibike. Alkhamisi nikajitia homa. Mama akanishika paji la uso, akanichemshia majani ya mwarobaini, nikayanywa yote kikombe kizima, machungu ya kutoa machozi. Homa ya uongo ikapona, hofu ikabaki pale pale.

"Haitham keshafika," Mama alisema akiwa anakichukua kikombe. "Nimemwona dukani. Kanenepa!"

Ijumaa asubuhi Bi Mwanapili aliniita. Alikuwa anamalizia pindo la mkeka na uzi ulikuwa umemtoka. "Nitilie uzi, mwanangu. Miye sioni tundu. Siku hizi macho yangu ndiyo weye."

Niliishika shazia. Uzi ukakataa kuingia mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha nikaiweka chini.

"Bibi, sikufika."

"Hukufika wapi?"

"Makaburini. Tulipita na gari, nikanyamaza. Fatiha sikusoma. Vigae hakuna, na jina hakuna, na asumini hakuna. Ni mawe tu, Bibi. Nilikudanganya."

Nilingoja anipige. Nilitamani hata anipige. Yeye aliukunja mkeka polepole, akauweka mapajani. Nilisikia kuku wakiparura uani.

"Kijiji kizima nimekisimulia," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikilala nayaona yale maandishi ya kijani. Sasa nione nini?"

Nililia tu, kwa haya na kwa huruma.

"Nizwa yenyewe ulifika, au na hiyo uongo?"

"Nilifika, wallahi."

"Basi nambie ulichokiona kwa macho yako. Usinipambie."

Nikafuta kamasi, nikaanza. Nilimweleza mbuzi wanavyozungushwa katika duara huku wanunuzi wakipiga kelele, na mzee mmoja aliyemfungua mbuzi mdomo kumhesabu meno. Nilimweleza buruji la ngome, ule mnara wa duara, na matundu ambayo kwayo zamani asali ya tende ya moto ilimwagwa juu ya maadui. Halafu nikamweleza mfereji wa maji unaopita chini ya mitende, watu wakikaa ukingoni na miguu ndani.

Bi Mwanapili aliinua uso ghafla. "Mfereji?"

"Ndiyo, Bibi. Wao huuita falaj."

"Huo!" alisema, akanishika mkono. "Ishak alikuwa akinipigia simu kutoka pale, kila Ijumaa. Akisema, 'Mama, nimetia miguu majini.' Nami nikiyasikia maji yanapita. Yana baridi maji yale?"

"Nilitia mguu. Hayana baridi. Yana uvuguvugu."

"Uvuguvugu," alirudia taratibu. Machozi yakamshuka mashavuni. "Miaka yote miye nadhani mwanangu anakaa na miguu katika baridi."

Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniangalia sawasawa.

"Nsikilize, Nihal. Miye nilikutuma macho, uniletee yalichokiona. Weye ukaniletea vigae, na ndani ya vigae vile mwanangu hakuwamo. Haya ya leo ni machache, lakini yumo. Ukitumwa, sema ulichokiona. Na kama hukufika, sema sikufika. Hilo litaniuma siku moja tu. Uongo wako ungeniuma mpaka kaburini, na ungemwaibisha Haitham ambaye hakukosa lolote."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Wanawake wenzangu nitawaambia mwenyewe. Haitham utamwambia weye, kwa mdomo wako, kabla ya hitima."

Nilimkuta Haitham nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Nilisema yote huku nikitazama kandambili zake. Hakukasirika. Alisema kule ndivyo wanavyozika, tajiri na maskini sawa, jiwe la kichwani na jiwe la miguuni. "Mawe ya Ishak niliyachagua mwenyewe," alisema, "nikayaweka kwa mikono yangu hii." Maneno hayo nikampelekea Bibi kama yalivyo.

Jioni hitima ilisomwa. Fatiha niliyokuwa nadaiwa niliisoma, herufi kwa herufi. Kisha Bi Mwanapili akamkabidhi Haitham mkeka mbele ya watu wote, akasema ni kwa ajili ya yale mawe mawili.

Watu walipokuwa wanaondoka, jirani mmoja aliuliza kuhusu vigae vyeupe. Bi Mwanapili alinivuta karibu yake, akanishika bega.

"Vigae hakuna, shoga yangu," alimjibu. "Lakini kuna mfereji wa maji pale, mwanangu alikuwa akitia miguu. Na maji yake yana uvuguvugu. Muulize Nihal, yeye kayagusa."