Taa Mbili za Zafarani

Kila alfajiri, kabla ya kwenda skuli, Azza alimpelekea mbuzi wake Zafarani majani, akampapasa mgongo, kisha akawatazama watoto wake watatu. Alfajiri moja, mmoja wao hakuinuka. Baridi ilikuwa imemuua.

Familia ya Azza ilihamia Al Qabil, pembezoni mwa jangwa, kutoka Unguja mwaka uliopita. Huko hakuna mbuzi aliyewahi kufa kwa baridi. Hapa upepo wa Januari ulipita kwenye kuta za makuti ya mtende utadhani hazipo. Azza alilia kwa hasira, akatundika taa mbili kubwa juu ya zizi, akaziacha ziwake usiku na mchana. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya nyumbani, ile ile iliyoendesha pampu ya kisima.

Haukupita muda dizeli ikaisha, na miche ya ndimu ikanyauka kwa kukosa maji. Baba yake, Bwana Marhoun, akaja zizini uso umemwiva.

"Nani kakwambia mbuzi anataka taa mbili? Dizeli naichota baharini mimi?" alifoka, akazing'oa. "Khalas! Zisiwashwe tena!"

"Basi waache wafe wote!" Azza akapiga kelele. "Unazipenda ndimu kuliko roho!"

"Chunga ulimi wako, Azza!" Baba akaondoka akibamiza mlango.

Azza akakaa chini, bado amekasirika. Mbele yake Zafarani alikuwa akicheua, ametulia. Ajabu! Azza akakumbuka kuwa taa zilipokuwa zikiwaka alihema ulimi nje, akaenda kulala mlangoni penye upepo. Watoto walimfuata kunyonya, wakatetemeka huko huko.

"Kumbe mama hataki joto," Azza alisema. "Wanaolitaka ni wadogo. Na mimi nilikuwa napasha moto mawingu!" Sasa hasira zikamgeukia mwenyewe.

Akachukua sanduku kuukuu la chai, akalitoboa mlango mdogo ambao Zafarani asingeweza kupita. Akalijaza majani makavu, akalifunika kwa jamvi nene, akaligeuza ili mlango usielekee upepo. Watoto wakishiba maziwa, waliingia humo wakalala wamebanana.

Alfajiri, Baba alikuja bado amenuna. Akaingiza mkono sandukuni, akautoa haraka.

"Taa umeificha wapi?"

"Hakuna taa, Baba. Hilo joto ni lao wenyewe."

Baba akainama kuchungulia. Masikio manne yakacheza gizani. Wote wawili walikuwa hai.

"Wallahi, hasira hasara," alisema taratibu. "Mimi nilizing'oa taa, nisijiulize hawa watalala vipi. Na wewe uliziwasha, usitazame joto linakwenda wapi. Mwanangu, kabla ya kuongeza moto, ziba kwanza tundu linalokupotezea ule ulio nao."

"Niwie radhi, Baba. Nilikosa adabu."

"Nimekuwia radhi. Haya, chukua ndoo. Ndimu zangu nazo zina roho."