Dawa ya Macho kwa Miguu ya Amuri

Saa ya kufuturu ilikuwa inakaribia. Kwa Esha, pale Rumonge kando ya ziwa, jikoni kulikuwa kumejaa. Bugali wa muhogo ulikuwa tayari, mkubwa kama kichuguu. Kulikuwa na ndagala, wale dagaa wa ziwani, viazi vitamu, na chai ya sukari nyingi. Amuri, mume wake, alikuwa amekamua mawese kutwa nzima huku amefunga. Mtu kama huyo akifuturu, anafuturu kweli.

Bibi Kadidja, mama yake Amuri, alimsogezea sahani. "Kula, baba. Kesho kazi inakungoja."

Hamissi, jirani yao, alikuwa anakula pamoja nao. Alimtazama Amuri akacheka. "Ndugu yangu, tuachie na sisi. Unakula kama harusi nzima."

Amuri alikula, akanywa, akalala palepale mkekani.

Alfajiri Esha alimwamsha ale daku. Amuri alifungua macho, lakini hakuinuka.

"Esha," alisema polepole, "miguu yangu hainisikii."

Esha aliuinua mguu mmoja. Ulikuwa mlegevu na mzito, kama wa mtoto aliyelala. Alipouachia, ulianguka. Mikono nayo ilikataa. Macho na ulimi tu ndivyo vilivyokuwa vyake.

Haikuwa mara ya kwanza, lakini safari hii ugonjwa ulikuwa umepanda hadi mabegani. Kadidja alisimama mlangoni. Esha alijua anamkumbuka nani. Mzee Ramazani, baba yake Amuri, alikuwa na ugonjwa huohuo. Asubuhi moja, baada ya karamu, alikwenda kutoa nyavu. Viungo vilimwishia nguvu akiwa majini. Maji yalikuwa ya kifuani tu, lakini watu walimkuta amekwisha kufa, wakasema ni shetani wa ziwa.

Kadidja alifanya kama alivyokuwa akimfanyia mume wake. Alichukua kombe kwa mwalimu wa Kurani. Hizo ni aya zilizoandikwa kwenye sahani kwa zafarani, kisha zikaoshwa kwa maji. Alitia asali nyingi ili mgonjwa apate nguvu, akamnywesha. Jua lilipopanda, Amuri hakuweza hata kugeuza kichwa.

Hamissi alikimbia kwenye dispensere, zahanati ya mji, akarudi na Émérance, enfirmie, yaani muuguzi wa pale. Émérance alichukua damu ya Amuri ili ipelekwe Bujumbura. Alasiri nguvu zilirudi zenyewe, kidogo kidogo. Lakini tangu siku hiyo Esha aliogopa kila kunapokucha. Kabla ya kusema neno, alikuwa anatazama kwanza kama vidole vya miguu ya mume wake vinacheza.

Baada ya Idi, Amuri alikwenda Bujumbura kupimwa na dokita. Kisha Émérance alikuja nyumbani na jibu.

"Amahoro, mama Kadidja."

"Amahoro. Damu ya mwanangu imesema nini?"

"Imesema hakuna shetani wa ziwa hapa. Ugonjwa huu iko na jina, kupooza kwa vipindi. Ni wa kurithi. Muzazi anaweza kumuachia mutoto mumoja, mwingine asipate. Ni watu wachache sana wako nao."

Alieleza taratibu. Ndani ya damu kuna chumvi fulani inayosaidia misuli kukaza. Mtu wa ugonjwa huu akifanya kazi ngumu, akala bugali na sukari kwa wingi, kisha akalala, chumvi ile inatoka kwenye damu na kujificha ndani ya misuli. Basi viungo vinalegea.

"Nilisema mimi," alisema Hamissi. "Ile harusi."

Hakuna aliyecheka.

"Dawa iko?" Esha aliuliza.

"Iko moja ambayo dokita anataka kuijaribu. Ni dawa ya macho."

Esha alimtazama. "Amuri anaona mpaka ng'ambo ya ziwa. Miguu ndiyo mibaya."

"Najua. Ni vidonge vya watu wenye presha ya jicho. Wanavimeza miaka mingi, na ubaya wake unajulikana. Sasa madokita wa mbali wamewapa wagonjwa kama Amuri, na wengine wamepata nafuu. Lakini hatuna hakika. Ndiyo maana tunajaribu."

Kadidja aliweka chini ungo wake. "Wakati wa Wabelgiji tuliwaficha watoto, tukisikia watumbula wanapita kunyonya damu za watu. Nyinyi damu mumekwisha kuchukua. Sasa munataka kumujaribu na mwili."

"Mama, tunaijaribu dawa. Hatumujaribu yeye. Na yeye anaweza kukataa. Akikataa, tutaendelea kumutibu. Akianza kisha akachoka, anaacha."

Kisha Émérance alisema jambo lililomtisha Esha zaidi. Kungekuwa na chupa mbili. Moja ina dawa. Nyingine ina vidonge vya bure, vinavyofanana na dawa lakini ni unga mtupu. Amuri angemaliza ya kwanza, kisha ya pili. Hata Émérance hakujua ipi ni ipi.

"Mutamupa unga?" Esha aliuliza. "Akianguka majini kama baba yake, wakati anameza unga?"

"Ndiyo sababu ziwani haendi mpaka tumalize. Tukijua ni dawa, tutajidanganya kwamba amepona. Tusipojua, ugonjwa wenyewe ndio utasema."

Amuri aliinuka mkekani alipokuwa amekaa. Sasa alisema, "Baba hakupata wa kumuuliza. Mimi nitameza."

Chupa ya kwanza ilikuwa chungu kwa kila mtu. Amuri alilegea, akapona, akalegea tena. Safari moja hata kumeza mate kulikuwa kazi, na Esha alikaa akihesabu pumzi zake. Alibeba chupa ile mpaka dispensere, akaiweka mezani.

"Tunaacha," alisema.

"Ni haki yenu," Émérance alijibu. "Lakini niambie kwanza. Akianguka, munamupa nini?"

"Hakuna. Sukari tuliacha."

Kadidja alikuwa amemfuata Esha. Alitazama sakafu. "Kombe," alisema. "Na asali kidogo. Asali siyo sukari ya duka, mwanangu. Asali ni dawa."

Émérance hakumgombeza. "Kombe anywe, mama. Maji na aya havimudhuru. Lakini asali kwa mwili wake ni sukari, inazidi kumulegeza. Na mukinificha, nitajuaje kama dawa imeshindwa ao asali ndiyo imemuangusha?"

Kadidja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nilimupa na baba yake," alisema. Esha alimshika mkono. Walirudi nyumbani na chupa ile.

Chupa ya pili ilianza kwa hofu mpya. Vidole vya Amuri vilimwasha kama vinatembewa na siafu. Esha alidhani anaanza kupooza. Émérance alisema ni tabia ya dawa inayojulikana, anywe maji mengi, na akisikia maumivu ubavuni aje haraka. Kadidja aliendelea na kombe bila asali. Esha alipika bugali mdogo, mboga nyingi. Jioni, baada ya kazi, Amuri alitembea kidogo kabla ya kukaa.

Asubuhi ikafuata asubuhi, na vidole vya miguu vilicheza.

Mwezi wa nne, mwaka 1972, jibu lilitoka Bujumbura. Chupa ya kwanza ilikuwa ya bure. Ya pili ndiyo dawa. Wagonjwa wengine waliojaribu walipata nafuu pia, lakini mmoja hakupata. "Siyo dawa ya kila mutu," Émérance alisema, akimpa Amuri chupa nyingine. "Na jirani asiazime. Kwako wewe imefaa."

Mwisho wa mwezi huohuo, usiku mmoja, vita viliingia Rumonge na bunduki zililia. Moshi ulipanda barabarani. Watu walikimbilia ziwani na watoto mgongoni. Alfajiri Hamissi aligonga. "Mutumbwi iko tayari. Sasa hivi."

Jana yake Amuri alikuwa amebeba ngazi za mawese, yale mashada mazito ya chikichi, mpaka jioni. Esha aligeuka kumtazama mkekani. Mtu asiyeweza kuinuka leo, nani atambeba?

Amuri alikwisha kusimama. Alikuwa anamvalisha mama yake viatu.

Walivuka, yeye na Hamissi wakipiga makasia. Esha alikaa mbele yake, akiitazama mikono ile njia nzima. Haikulegea.

Ng'ambo, kwenye dispensere ya watu wasiowajua, Amuri alionyesha chupa iliyokaribia kwisha. Mganga aliigeuza mkononi. "Hii ni ya macho. Nani alikupa kwa ajili ya miguu?"

Esha alivuta kiti, akakaa. "Ugonjwa wake unaitwa kupooza kwa vipindi," alisema. "Ni wa kurithi. Nisikilize, nitakueleza yote, hata ya asali."