Wimbo wa Stamili

"Kamati ya Burudani ya Stendi ya Masasi inawatangazia wananchi wote kwamba nguzo ya spika imepakwa rangi ya bluu. Rangi bado ni mbichi. Isiguswe."

Mwanaheri, muuza khanga, alikuwa akilisoma tangazo hilo kwa heshima kubwa kuliko lilivyostahili, alipomwona kijana mwenye gitaa ameiegemea nguzo yenyewe.

"Kaka, shati lako!"

"La mtumba hili, dada. Limeona makubwa zaidi."

Aliitwa Haji, mtunzi na mwimbaji kutoka Mnyambe. Dukani, Mwanaheri alilisugua shati kwa mafuta ya taa; doa halikutoka, na Haji hakuacha kuja. Soko huria lilikuwa limejaza redio kaseti madukani, naye Haji alichanganya muziki wa kantri wa wachunga ng'ombe wa Marekani na roki ya kukwaruza ya vijana wanaojirekodia wenyewe.

"Mnyambe mna ng'ombe wangapi?" Mwanaheri alimtania.

"Tuna mikorosho, laazizi. Nayo inahitaji kuimbiwa."

Akienda Dar es Salaam kurekodi albamu, alimwahidi: "Wimbo wa kwanza utakutaja kwa jina. Ukilisikia pale stendi, ujue nimeposa."

Miezi minane ikapita. Khalidi, mnunuzi wa korosho wa Newala, akaleta posa; Mwanaheri akamwomba baba yake aingoje kanda ya Haji. Kanda ilitangulia, mwenyewe akabaki Dar. Spika ya bluu ikaimba, gitaa likalia taratibu kisha likakwaruza: "Stamili, nirudie..."

Mwanaheri alisikiliza hadi mwisho. Akafunga duka, akamwambia baba yake amkubali Khalidi.

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Jumatatu, alipokuwa akikabidhi funguo za duka, simu ya dukani ikalia.

"Mwana, umeusikia?"

"Stamili ni nani, Haji?"

"Bibi yangu mzaa mama, marehemu. Kamati ya stendi, inayopitisha kila wimbo wa spika, ilikataa jina la mtu aliye hai. Nilidhani sauti yangu ingekutosha."

Mwanaheri aliziweka funguo mezani.

"Nimekata rufaa, laazizi. Jina lako litarudi. Nisubiri."

Aliitazama hina mkononi mwake. "Mimi ni mke wa mtu."

Laini ilikwaruza. Hakuna aliyeweka simu chini, mpaka ikakatika yenyewe.

Baada ya msimu wa korosho Mwanaheri alishuka kutoka Newala kumwona baba yake. Nguzo ilikuwa imechujuka rangi. Tangazo lilikuwa jipya.

"Kamati imeikubali rufaa. Jina la Mwanaheri laweza kuimbwa stendini kuanzia Jumatatu, kwa idhini ya maandishi ya mume wake."