Kioo Cheusi cha Mchora Kadi

Siku mchora kadi alipokutana na mpenzi wake, nusura atapike. Alikuwa ndani ya gauni la manjano lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakimbia, amebanwa katika msongamano wa maduka ya simu, kompyuta kifuani. Nyuma ya meza, fundi alikuwa akitafuna paja la kuku huku akibonyeza kibodi ya mteja. Kibodi ilijaa mafuta hata nzi aliyetua kwenye J aliteleza akaibukia kwenye P.

"Karibu, malkia. Inaumwa wapi?"

"Nzito. Na usiiguse kabla hujanawa."

Akanawa. Akaiwekea mfumo wa Linux, kompyuta ikawa nyepesi kama imetoka kuoga, na kicheko cha fundi kikamwingia dada wa watu mpaka kwenye mifupa. Wakapendana, ingawa kila busu lilitanguliwa na kitambaa.

Basi mchana mmoja mchora kadi akatoka ofisini kwake kwenda kula. Fundi akaingia humo akampangia skrini upya, eti zawadi. Upau wa chini wenye vitufe akaung'oa. Picha ya maua akaitoa, akaweka weusi na herufi ndogo za kijani, kama alivyozoea kwake. Katikati ya kioo akaacha alama ya kidole, inang'aa mafuta.

"Nimekurahisishia, mpenzi. Sasa hata kipanya hukihitaji!" akamwambia aliporudi.

"Umeingia chumbani kwangu bila hodi ukahamisha kitanda! Na ukakipaka mafuta! Kinyaa wewe, toka! Usirudi tena!"

Fundi akatoka. Mchora kadi akaizima mashine kwa hasira, akaiwasha. Weusi mtupu, na mshale mmoja umeduwaa. Kadi za harusi ya binti wa shangazi yake zilitakiwa kuchapwa jioni ileile. Akapiga simu.

"Umefuta kadi zangu!"

"Sijafuta kitu, roho yangu. Mpangilio wangu ndio umegoma. Naja."

"Vidole vyako sivitaki hapa! Nielekeze kwa simu."

"Haya. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, kwa pamoja."

"Inaniuliza jina."

"Andika. Kisha neno la siri."

"Naandika, halionekani!"

"Halionekani, ila linaingia. Kama mimi moyoni mwako."

"Usinichefue. Endelea."

"Andika mv, nafasi, nukta na config bila kuachanisha, nafasi, zamani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Folda ya mipangilio inapewa jina jingine. Mashine ikiikosa, itajitengenezea mpya. Sasa andika reboot."

Mashine ikazima, ikawaka. Upau ukarudi mahali pake, na kadi zote zikatokea, hata zile za binti wa shangazi. Mchora kadi akashusha pumzi.

"Zipo?"

"Zipo."

"Nilitaka uone ninavyoona mimi."

"Nina macho yangu."

"Nimekosa. Nisamehe."

Mlango ukagongwa, taratibu. "Hodi?" Ilikuwa sauti ileile ya kwenye simu. Fundi alisimama kizingitini, simu ameibana kwa bega, povu la sabuni likimchuruzika viwikoni.

"Nikague kucha. Zikiwa safi, utakubali nikuoe?"

Mchora kadi akaigeuza mikono ile, akachungulia kucha moja moja. Chini ya kucha ya dole gumba palibaki mafuta ya kutosha kukaangia yai.

"Mwone! Kinyaa kitupu," akasema, asiliachie dole lenyewe. "Nitakubali. Ila hili gumba litaishi nje ya ofisi yangu."